Tarehe Thelathini Februari

Ndugu Chambuso Mwalyego hakuwa na gari, hakuwa na shahada, hakuwa na shamba la mikorosho wala mjomba wizarani. Hakuwa na kitambi, na kwa sababu hiyo watu hawakumpisha njia kwenye korido. Hakuwa na sauti ya redio, ingawa maneno yake yalisomwa redioni kila asubuhi. Hakuwa na adui, kwa kuwa hakuwa na kitu ambacho adui angekitaka. Hakuwa na mazoea ya kuuliza maswali. Na hakuwa na siku ya kuzaliwa: mama yake alikumbuka tu kwamba ulikuwa msimu wa nzige, na nzige, kama tunavyojua, hawatoi vyeti.

Kwa upungufu wote huo alionekana anafaa kabisa kuajiriwa katika Idara ya Siku Kama ya Leo.

Nchi yenyewe sitaitaja. Si yetu. Iko mbali, upande wa pili wa nchi jirani, na msomaji atakayeona inafanana na mahali anapopajua naomba aamini kwamba ni macho yake tu. Ni nchi inayopenda historia kuliko chakula, na ushahidi ni kiasi cha kila kimoja kinachopatikana huko. Kila asubuhi, baada ya wimbo wa taifa na kabla ya bei za mazao, redio husema: "Siku kama ya leo," kisha hutaja jambo moja kubwa lililotokea tarehe hiyo katika mwaka fulani. Jambo hilo sharti liwe limefanywa na Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, au limefanywa kwa ajili yake, au limetokea yeye akiwa karibu. Siku kama ya leo Mlezi alizindua kisima. Siku kama ya leo Mlezi alipona mafua. Siku kama ya leo Mlezi, akiwa darasa la pili, alikataa kumnong'onezea mwenzake jibu la hesabu, na hapo ndipo uadilifu ulipoanza nchini.

Sheria ya idara ilikuwa fupi: siku moja, tukio moja. Waziri wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Lutandula, aliieleza bungeni kwa maneno ambayo hadi leo wanafunzi huyakariri. Alisema, "Ndugu wabunge, siku ni kama kiti. Wakikaa watu wawili, mmoja atakuwa amempakata mwenzake, na hiyo si heshima." Wabunge walipiga meza mpaka moja ikavunjika, na siku ile ikawa imepata tukio.

Kwa hiyo matukio mawili yalipoangukia tarehe moja, dogo lilihamishwa. Siku binadamu alipokanyaga mwezi ilisogezwa mbele kidogo, maana siku yake halisi Mlezi aling'olewa jino. Mwezi haukulalamika. Mkulima mmoja wa kusini, aliyeoa tarehe ambayo baadaye ilipewa uzinduzi wa ghala, alijulishwa kwamba ndoa yake imesogezwa mbele hadi msimu wa mavuno, na mtoto wake wa kwanza, kwa hesabu mpya, alikuwa amewahi. Mkewe hakufurahi. Mama mkwe ndiyo kabisa. Lakini idara haikuwa na nia mbaya na mtu. Ilikuwa inapanga viti.

Mpangaji mkuu wa viti alikuwa Ndugu Chambuso. Alikaa mbele ya kalenda iliyojaa ukuta mzima, mkononi penseli laini, na alijua kila tarehe ina nani na imebaki na nafasi gani, kama mama mwenye nyumba anavyojua wapangaji wake. Siku zilizosongamana alizipunguza. Siku tupu aliziripoti kwa Waziri, naye Waziri alizitafutia tukio. Kazi hiyo aliifanya kwa uaminifu na mwandiko mzuri, na jioni alirudi nyumbani akiwa hana jambo lolote moyoni. Nasisitiza hilo kwa sababu hali hiyo haikudumu.

*

Tarehe kumi na mbili Novemba ilikuwa tupu.

Hakuna aliyeligundua hilo ila Ndugu Chambuso. Alipekua magazeti ya zamani, akauliza wazee waliosoma na Mlezi, akauliza hata daktari wake wa meno, lakini katika maisha yote ya Mlezi siku hiyo ilipita bila kitu. Akaandika taarifa. Waziri aliisoma akashika shavu, akasema siku tupu ni pengo katika kinywa cha taifa, na kwamba taifa likicheka wageni wataliona.

Wakati huo lilikuwa linajengwa daraja katika Mto Kizegele, mkoa wa mbali. Fundi aliyelijenga, mtu asiyejua lugha ya ofisi, alisema saruji haitakuwa imeshika mpaka Januari. Waziri akauliza kama Januari ina nafasi. Ndugu Chambuso akaenda ukutani, akaikagua. Januari ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Februari, kadhalika. Basi akaandika, kwa mwandiko uleule, kwamba tarehe ya karibu inayoweza kupokea daraja ni kumi na mbili Novemba.

Hakuna aliyemlazimisha kuandika hivyo. Wala hakuna aliyemuuliza habari za saruji, kwa kuwa saruji haikuwa katika idara yake.

Siku ilipofika, Mlezi alikwenda Kizegele. Zulia jekundu lilitandikwa daraja zima, toka ng'ambo hadi ng'ambo. Mlezi akakata utepe, akavuka kwa gari, akahutubia, akala, akaondoka. Kumi na mbili Novemba ikawa imeziba pengo. Alasiri, wanawake wa kikundi cha vigelegele walibaki nyuma kulikunja lile zulia, maana lilikuwa limeazimwa. Walianzia ng'ambo mbili wakakutana katikati, na zulia lililokunjwa ni zito. Saruji ilikuwa bado mbichi, ila tarehe ilikuwa imeiva. Daraja likaenda na maji, nao wakaenda nalo.

Habari ilifika idarani kabla ya Mlezi kufika mjini. Waziri alimwita Ndugu Chambuso ofisini kwake na kumweleza tatizo, yaani kwamba tarehe moja ilikuwa imepata matukio mawili, tena mahali pamoja. Kuhusu lipi dogo hapakuwa na ubishi, maana mizani ya idara husema tukio lenye Mlezi ni zito kuliko lisilo na Mlezi, na daraja lilipoanguka Mlezi hakuwapo. Tatizo lilikuwa mahali pa kulihamishia. Waziri alipita mwezi baada ya mwezi kwa kidole. Kila tarehe ilikuwa na jambo la heri, na hakuna jambo la heri linalotaka maiti kwa jirani.

Hapo ndipo Ndugu Chambuso aliposema, kwa sauti ya chini, kama anayemsaidia mtu kutafuta miwani yake, kwamba tarehe thelathini Februari ilikuwa wazi.

Waziri aliinua kidole. Kisha akacheka. Kisha akaacha kucheka, akachukua kalamu.

"Haijawahi kutumika?"

"Haijawahi, Mheshimiwa."

"Mpya kabisa?"

"Mpya."

Wiki ile Ndugu Chambuso aliletewa kiti chenye mikono, cha ngozi, ambacho watu wa cheo chake hawapewi. Wenzake walikuja kukijaribu na kumpongeza. Walipotoka akakikalia peke yake. Alipoweka mikono yake juu ya mikono ya kiti alihisi kama mtu aliyeshikwa, akaitoa, akaipakata. Toka hapo hakuwahi kukaa humo kwa raha, lakini hakukirudisha. Kukirudisha kungehitaji maelezo.

*

Mimi sisemi kwamba Ndugu Chambuso alikuwa na kosa. Kosa lolote lazima liwe na tarehe yake, na tarehe hiyo ilikwisha kuchukuliwa.

Tena nchi ile iliendelea vizuri. Kila mwaka, kumi na mbili Novemba, redio ilitangaza kwamba siku kama ya leo Mlezi alifungua Daraja la Kizegele. Wageni rasmi walipelekwa kuliona. Utepe mpya ulifungwa kwenye visiki viwili vya nguzo vilivyobaki kando ya mto, nao wakavushwa kwa mtumbwi chini ya utepe huo huku wakielezwa kwamba wako juu ya daraja. Mtu mmoja aliyelowa miguu alishauriwa asiendekeze hisia.

Watu wa Kizegele nao waliangaliwa. Waliambiwa kwamba serikali haiwakatazi kuwasomea hitima watoto wao. Hitima ni haki ya kila raia, mradi ifanyike siku ya tukio. Kibali kilikuwa tayari, kimegongwa mhuri, cha tarehe thelathini Februari. Basi kila mwaka, usiku wa mwisho wa mwezi wa pili, watu wa Kizegele walilala na matumaini, wakaamka Machi.

Ndugu Chambuso alikuwa ndiye anayeandika tangazo la kumi na mbili Novemba. Mwaka wa kwanza aliliandika haraka. Mwaka wa pili alilinakili la mwaka wa kwanza. Kuanzia mwaka wa tatu ilimjia homa, kila mwaka siku ileile, homa ambayo zahanati ilishindwa kuiona. Aliacha kula samaki wa mtoni. Alipotumwa mikoani alizunguka njia ndefu ili asivuke madaraja, na alipoulizwa alisema anapenda kuona nchi. Mkewe, Bi Sikudhani, aliyazoea mambo haya jinsi wake wanavyozoea mambo. Asubuhi ya siku ile alikuwa anazima redio kabla haijafika kwenye historia, anasema betri zimechoka. Nyumba yao ilikuwa na umeme.

*

Mwaka huu ninaouzungumzia, ukiwa umebaki muda mfupi Ndugu Chambuso astaafu, kulitokea jambo Kizegele.

Kulikuwa na mama mmoja huko, Bi Mgeni Shomvi, ambaye mwanawe wa pekee, Riziki, alikuwa miongoni mwa wale waliokunja zulia. Kila mwaka Bi Mgeni alipangwa mstari wa mbele, katika kikundi kipya cha vigelegele, kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri na serikali haikuwa na sababu ya kuipoteza. Na kila mwaka alipiga. Mwaka huu wageni walipoingia mtumbwini na ishara ikatolewa, Bi Mgeni hakupiga kigelegele. Alikaa chini ukingoni, akanyoosha miguu, akamwita mwanawe kwa jina, akalia. Alilia kwa sauti ileile nzuri. Wageni waliokuwa juu ya daraja walisikia mpaka majini.

Alishtakiwa kwa kulia hadharani katika siku ya furaha, kinyume cha kalenda. Askari aliyemkamata hakuwa mtu mbaya. Alimshauri aseme yalikuwa machozi ya furaha, aende zake nyumbani akapike. Bi Mgeni akakataa. Akapewa dhamana, na hakimu, mtu mwangalifu sana, akasema hawezi kuhukumu mambo ya tarehe bila kauli ya wataalamu. Akaiandikia Idara ya Siku Kama ya Leo akitaka majibu yatiwe posta kabla ya Ijumaa jioni, yaseme kama kumi na mbili Novemba lilitokea jambo lolote ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulililia.

Waziri Lutandula alimwita Ndugu Chambuso, akamfungia mlango mwenyewe, akazungumza naye kama baba. Alisema mahakama inangoja kauli moja kati ya mbili. Idara ikisema siku ile halikutokea la kuliza, yule mama atafungwa mwaka mzima na kazi ngumu, na hilo halitapendeza, maana Mlezi anawapenda kina mama. Idara ikisema mama alilia kwa furaha, ataachiwa siku hiyohiyo. Na zaidi ya kuachiwa: Waziri alikuwa amekwisha kumfikiria cheo. Angekuwa Mama wa Furaha wa Daraja. Kila mwaka angepelekwa ukingoni kwa gari la serikali, avishwe kitenge chenye picha, apewe mkasi, na yeye ndiye angekata utepe.

Ndugu Chambuso aliuliza kama kuna kauli ya tatu. Lilikuwa swali lake la kwanza katika utumishi wake wote, na lilitoka kwa shida, kama droo iliyofungwa muda mrefu.

Waziri hakukasirika. Aliuliza tu kama anamkumbuka Ndugu Likwati. Ndugu Chambuso alimkumbuka. Likwati alikuwa karani wa idara, mtu wa maneno, aliyewahi kusema kwenye kikao kwamba siku ya uhuru iliyopo kalendani siyo. Idara haikumfukuza. Ilichunguza tarehe aliyoajiriwa, ikaona imegongana na jubilei ya harusi ya Mlezi, ikaihamishia mwaka unaokuja. Ndugu Likwati akaonekana kuwa mtu ambaye bado hajaajiriwa, na mtu ambaye bado hajaajiriwa hawezi kudai kiinua mgongo. Mara ya mwisho alionekana akiuza karanga mbele ya lango la idara, akisubiri mwaka wake ufike.

"Wewe una miezi michache tu," Waziri alisema, akamshika bega. "Maliza vizuri."

*

Bi Mgeni alikuja mwenyewe Jumatano asubuhi. Alikuwa amesafiri kutoka Kizegele, kwa njia ndefu, kwa sababu ile fupi ilihitaji daraja. Alipiga hodi. Ndugu Chambuso alisimama. Hakuna mtu aliyewahi kupiga hodi katika ofisi ile, watu waliingia tu. Wakasalimiana kama watu wa rika moja. Bi Mgeni akauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na Ndugu Chambuso akajibu kwamba zote nzuri. Kisha mama akaketi kwenye kiti cha mbao, cha wageni, akakitazama kidogo kile cha ngozi, asiseme neno juu yake.

"Wewe ndiye unayeandika ile ya asubuhi?"

"Ndiyo, dada."

"Unaandika vizuri. Kwetu tunakusikiliza mwaka mzima. Isipokuwa siku yetu, hiyo hatuisikii vizuri, kuna kelele za maji."

Ndugu Chambuso alianza kumweleza kwamba anajua sababu ya safari yake na kwamba asiwe na wasiwasi, idara ina huruma. Mama alimsubiri amalize.

"Sikuja kuomba huruma, kaka yangu. Nimeambiwa kuna karatasi utawaandikia mahakamani."

"Ipo."

"Usiniandikie furaha."

Ndugu Chambuso alimweleza, kwa upole, jinsi furaha ilivyokuwa njia ya karibu. Alimweleza habari za kifungo, za kokoto zinazopondwa na wafungwa, za baridi ya sakafu. Hakumweleza habari za mkasi. Bi Mgeni alisikiliza akipapasa goti lake, kama anayelipima kama litaweza.

"Nitafungwa," alisema. "Kwani nitakuwa wa kwanza? Mimi kaka, miaka yote hii namlilia Riziki nikichota maji, kichwa nimeinamisha ndooni. Nikirudi watu wananiuliza mbona macho mekundu, nasema moshi. Mwaka huu ndiyo nimelia. Kile kilio kimoja ndicho changu, sina kingine. Ukikiandika furaha utakuwa umekichukua na hicho."

Ndugu Chambuso akasema ataangalia utaratibu.

"Na jingine niulize, kabla sijaondoka. Yule fundi alikuwa anakula kwangu, nilikuwa nampikia. Alisema ngojeni Januari. Alisema kila siku mpaka ugali unapoa. Nani aliyechagua siku ile?"

Ukuta mzima wa tarehe ulikuwa nyuma ya aliyeulizwa, na penseli mkononi mwake. Lilikuwa jambo la neno moja, tena neno fupi. Ndugu Chambuso alifungua mdomo ili aliseme.

"Kalenda," akasema.

"Kalenda." Bi Mgeni alilirudia polepole, kama mtu anayeshika jina la mgeni. "Ana watoto, huyo?"

Kisha akainuka, akashukuru kwa kukaribishwa, akasema, "Haya kaka, msalimie wifi," akatoka, akaufunga mlango taratibu ili usipige kelele.

*

Jioni ile, wakiwa mezani, Ndugu Chambuso alimwambia mkewe kwamba kuna wifi yake wa Kizegele anamsalimu. Bi Sikudhani aliacha kula.

"Yule wa kilio?"

"Yule."

"Utamwandikia nini?"

"Nitamsaidia."

"Sikuuliza hilo, baba. Nimeuliza utamwandikia nini."

Ndugu Chambuso alisema mchuzi umezidi chumvi. Haukuzidi, na wote wawili walijua haukuzidi, lakini Bi Sikudhani aliuondoa mezani, akausogeza mbali naye, akauacha huko.

Alhamisi hakuna kilichotokea. Redio ilisema siku kama ya leo Mlezi alipanda mche.

*

Ijumaa Ndugu Chambuso alifika ofisini mapema, akaweka karatasi nzuri mezani, yenye nembo, akaandika.

Aliandika kwamba tarehe kumi na mbili Novemba, asubuhi, Daraja la Kizegele lilifunguliwa kabla saruji haijashika, kwa sababu Idara hii ilikuwa na siku tupu. Aliandika kwamba alasiri ya siku hiyo daraja lilianguka na kuua. Kwamba tarehe ilichaguliwa na aliyetia sahihi hapa chini, na mahali pa kuwaficha waliokufa palichaguliwa naye pia. Kwamba mshtakiwa alimlilia mwanawe, Riziki, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Aliisoma. Haikuwa na kosa la sarufi wala la historia. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuandika kitu kilichonyooka namna ile, na kwa muda mfupi alijisikia mtu mrefu. Akafikiria kutia sahihi. Akatazama dirishani. Nje ya lango Ndugu Likwati alikuwa anapanga karanga zake.

Karatasi aliichana vipande, na vipande akavitia mfukoni, maana kapu la taka la idara hukaguliwa.

Alijiambia kwamba mama yule ni mtu mzima, na sakafu ya gereza ni baridi. Alijiambia kwamba aliyesema nitafungwa hajui kifungo. Alijiambia kwamba anamwokoa, na kwamba siku moja atashukuru, na kama hatashukuru, basi atakuwa hai. Yote hayo huenda ni kweli. Mimi nimejitahidi sana kutenganisha huruma aliyokuwa nayo asubuhi ile na kiinua mgongo chake, nimeshindwa. Vilikuwa vimekunjwa pamoja. Ninachojua ni kwamba homa yake ilimjia, na haikuwa kumi na mbili Novemba.

Barua ya pili ilikwenda haraka, kwa kuwa maneno yake aliyazoea. Ilisema:

"Kwa Mheshimiwa Hakimu. Idara imechunguza kwa makini. Tarehe kumi na mbili Novemba lilitokea tukio moja tu, nalo ni la furaha. Kwa kuwa siku hiyo halikutokea jambo jingine, mshtakiwa hakuweza kulia kwa sababu nyingine. Idara inathibitisha kwamba kilio chake kilikuwa cha furaha iliyopita kiasi, na inapendekeza aachiwe, atunzwe, na ahifadhiwe kwa maadhimisho yajayo."

Akatia sahihi. Gundi ya bahasha ilikuwa kavu, ikabidi ailambe mara kadhaa, na ulimi wake nao ulikuwa mkavu. Akawasha mshumaa, akadondosha lakiri nyekundu, akagandamiza mhuri wa idara, ambao una jua linalotabasamu. Alisubiri ipoe. Kisha akamwita tarishi, Ndugu Mwinchande, mtu wa makamo mwenye goti bovu, akamwambia aipeleke posta sasa hivi. Mwinchande akaitia mfuko wa shati, akashuka ngazi moja moja.

Ndugu Chambuso akaenda dirishani.

Tarishi alitokea chini, akachukua baiskeli ya idara, akapanda, na kabla hajafika langoni mnyororo ukachomoka. Akashuka. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akatafuta kijiti, akainama, akaanza kuurudisha bila haraka, kama watumishi wa serikali wanavyofanya kazi zote. Dirisha lilikuwa wazi. Ngazi hazikuwa nyingi, hata kwa mtu wa umri wake, na Mwinchande ni jina ambalo mtu anaweza kuliita bila kupaza sauti sana.

Mnyororo ulikataa. Ukakataa tena. Mwinchande akanyanyua kichwa kujifuta jasho, akamwona bosi wake amesimama dirishani anamtazama, akadhani anahimizwa. Akapunga mkono, kuomba radhi kwa kuchelewa.

Ndugu Chambuso naye akapunga mkono.

Mnyororo ukakubali. Tarishi akapanda, akaenda.